Elimu kwa Umma: Kuandika Majina Katika Mti wa Ukoo

Familia inapofungua kesi ya mirathi, hutakiwa kuwa na barua ya chifu inayowataja walioachwa na marehemu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haitofautishi mtoto wa kike na wa kiume. Mali ya Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Katika hali zote, jina lililoachwa au kuchanganywa laweza kumnyima mrithi haki yake. Mti wa ukoo ukiandikwa wazee wangali hai, mizozo mingi huepukwa.

Ugumu ni kwamba fomu nyingi huuliza jina la ukoo, ilhali jamii za Kenya hazitoi majina kwa njia moja.

Wakikuyu. Mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Kwa hiyo Kamau wa Njoroge humzaa Njoroge, naye Njoroge humzaa Kamau wa Njoroge. Babu na mjukuu huwa na majina sawa kabisa, na hati ya shamba ya mmoja yaweza kudhaniwa ni ya mwingine.

Wakalenjin. Mwana wa Kiplagat huitwa arap Lagat, yaani mwana wa Kiplagat. Asiyefahamu hudhani Lagat na Kiplagat ni watu wawili.

Waluo. Otieno ni mvulana aliyezaliwa usiku. Jina hilo hueleza wakati wa kuzaliwa, si ukoo. Wenye jina moja si lazima wawe jamaa.

Wasomali. Mtu hutumia jina lake, la baba na la babu. Yusuf Abdi Hassan ni mwana wa Abdi Hassan Ali. Jina la tatu hubadilika kila kizazi, na mke hubaki na majina ya kwao.

Jina pia laweza kutokana na mlezi. Rais wa kwanza, Jomo Kenyatta, alikuwa mwana wa Muigai. Baba alipofariki, mama yake aliolewa na Ngengi, ndugu wa marehemu, na kijana akaitwa Kamau wa Ngengi. Alipobatizwa mwaka wa 1914 aliitwa Johnstone.

Hatua za kufuata

1. Andika jina kamili kwa mpangilio wa mwenyewe. Usimtungie mtu jina la ukoo.
2. Mpe kila mtu nambari yake, mwaka na mahali pa kuzaliwa. Mwaka usiojulikana hasa, andika "takriban".
3. Orodhesha majina yake mengine: ya ubatizo, ya utani, ya kitambulisho na ya hati ya shamba. Nakili tahajia ya hati jinsi ilivyo.
4. Mwanamke aandikwe kwanza kwa jina la kuzaliwa, kisha la ndoa ikiwa analo.
5. Onyesha kwa mistari tofauti mzazi na mlezi.

Majina ya mtu mmoja yakitofautiana katika hati zake, anaweza kula kiapo mbele ya kamishna wa viapo kueleza kuwa yote ni yake. Ni rahisi zaidi mwenyewe afanye hivyo akiwa hai kuliko watoto wake kuthibitisha hilo mahakamani baadaye.