Joto na Badiliko la Kikemia: Mfano wa Chokaa

Makala haya yanadhamiria kuchunguza uhusiano uliopo baina ya utoaji wa joto na badiliko la kikemia. Aghalabu mwanafunzi hufundishwa kwamba kitu kikipata joto chenyewe, basi hiyo ni dalili ya badiliko la kikemia. Dalili ni kweli, lakini si ithibati, na mtunzi wa istilahi asiyezitenganisha hizi mbili atawapotosha wasomaji wake.

Tuchukue chokaa, ambayo pamoja na mawe ya matumbawe ndiyo iliyosimamisha kuta za Lamu na Gedi. Matumbawe, ambayo kimsingi ni kalsiamu kaboneti, hupangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa. Joto likifikia takriban nyuzi 900 za selsiasi, kaboni dioksidi hutoka, ikabaki kalsiamu oksidi. Badiliko hili ni la kikemia bila shaka, ilhali halitoi joto bali hulimeza. Wanaotoa joto ni magogo.

Chokaa hiyo ikitiwa maji mambo hugeuka. Kila kilo moja hutoa takriban kilojuli 1,160. Maji huchemka, mvuke hufuka, na mabonge hupasuka yakawa unga wa kalsiamu hidroksidi. Nishati inayotoka vifungo vipya vinapoundwa inazidi ile iliyotumika kuvunja vya awali, na ziada hiyo ndiyo joto lenyewe. Ajabu ni kwamba tunasema chokaa imezimwa, kana kwamba ni moto, katika saa ile ile inapowaka kwa joto! Kiarabu nacho kina sitiari hiyo hiyo. Nadhani aliyeiteua alitazama mwisho wa kazi: chokaa iliyokwisha kuzimwa haichemshi maji tena.

Sasa tulinganishe na mvuke wa sufuria. Kilo moja ya mvuke wa maji ya nyuzi 100, ikigeuka kuwa maji, hutoa takriban kilojuli 2,260, karibu maradufu ya chokaa. Ndiyo maana mvuke huunguza mkono vibaya sana. Hata hivyo, hakuna dutu mpya iliyozaliwa: kilichokuwa maji kingali maji. Hili ni badiliko la kimaumbile tu, japo joto lake ni kali zaidi. Kinyume chake, chokaa iliyopakwa ukutani hunyonya kaboni dioksidi ya hewani na kurudi kuwa kaboneti. Huo ni mmenyuko wa kikemia unaotoa joto, ila huenda polepole mno hata kiganja kisihisi lolote. Joto la kuzima chokaa likijumlishwa na la kugandia ukutani hulingana na lile lililomezwa tanurini.

Kwa hiyo kigezo ni dutu mpya, wala si joto. Kiistilahi, tunapendekeza *mchakato toajoto* litumike kwa jumla, likijumuisha mvuke na chokaa, na *mmenyuko toajoto* libanwe kwa badiliko la kikemia pekee; kinyume chake kiwe *fyonzajoto*. Muundo wa kitenzi kutangulia nomino tayari tunao katika *kipimajoto*. Umbo *jototoaji* linapindua mpangilio huo, nasi hatuoni sababu ya kulikumbatia.