Mstari wa Chama Kwenye Hati ya Mshahara

Chukua hati yako ya mshahara. Chini ya kodi na mchango wa pensheni kuna mstari wa chama cha wafanyakazi. Kwa mwalimu aliye mwanachama wa Chama cha Walimu Tanzania (CWT), mstari huo hula asilimia 2 ya mshahara, kila mwezi.

Je, hizo ni fedha za serikali?

Hapana. Ni zako. Vyama vya siasa hupewa ruzuku kutoka hazina. Vyama vya wafanyakazi huishi kwa ada. Ila kwa mtumishi wa umma, anayekata ada na kuipeleka chamani ni mwajiri, yaani serikali yenyewe. Maji ni yako, koki iko mkononi mwa mwingine.

Tumewahi kuona koki na kisima vikishikwa na mkono mmoja. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na baadhi ya viongozi wa wafanyakazi wakakamatwa kwa tuhuma za kushirikiana nao. Mwaka huohuo shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, ambalo Rashidi Kawawa aliwahi kuwa katibu mkuu wake, lilifutwa kwa sheria na NUTA ikaundwa, chama pekee cha wafanyakazi nchini, chini ya mwavuli wa chama tawala, TANU. Katibu mkuu aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi: mdai nyongeza na mkataa nyongeza kwenye kiti kimoja! Mwaka 1978 nafasi ya NUTA ikachukuliwa na JUWATA, jumuiya ya chama tawala kipya, CCM. Ni sheria ya 1998, iliyoanza kutumika mwaka 2000, iliyofungua mlango wa vyama vingi vya wafanyakazi, na shirikisho lao la leo, TUCTA, likazaliwa.

Mimi si mwanachama. Mbona nakatwa?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, tena kwa hasira. Chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba asiye mwanachama naye alipe ada ya uwakala, kwa kuwa nyongeza ikipatikana naye huifaidi. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kimeiwekea ada hiyo uzio. Haiwezi kuzidi ada ya mwanachama. Hukaa kwenye akaunti ya peke yake. Hutumika kwa maslahi ya wafanyakazi wa hapo tu: haiendi kwa chama cha siasa wala kwa mgombea yeyote, hata akiwa kiongozi wenu wa tawi.

Hesabu za chama hukaguliwa kila mwaka, na mwanachama ana haki ya kuziona. Ziombe mkutanoni, usitosheke na fulana ya Mei Mosi.

Nikitaka kutoka?

Andika barua kwa mwajiri na kwa chama, ukitoa notisi ya mwezi mmoja. Penye makubaliano ya uwakala utaendelea kukatwa, lakini sasa fedha yako itakuwa ndani ya uzio ule wa kifungu cha 72.