Kupiga Video za 3D kwa Kamera Ndogo ya Lenzi Mbili: Simama Wapi, Epuka Nini

Januari 2011, kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki huko Las Vegas, Marekani, Sony na JVC zilitangaza kamera mbili za video ambazo mtu asiye fundi wa sinema angeweza kuzishika mkononi na kurekodi picha zenye kina: HDR-TD10 na GS-TD1. Kila moja ina lenzi mbili zilizokaa bega kwa bega, na nyuma ya kila lenzi kuna sensa yake. Ukibonyeza kitufe zinarekodiwa video mbili kwa pamoja, moja ya jicho la kushoto na moja ya jicho la kulia. Fujifilm ilikuwa imetangulia kwa FinePix Real 3D W1 ya mwaka 2009 na W3 ya mwaka 2010, ambazo ni kamera za picha za mnato zinazopiga pia video. Zote zimeacha kutengenezwa, lakini zilizotumika bado zinauzwa, na miwani ya uhalisia pepe imewarudishia watu hamu ya kuzitafuta. Ukibahatika kupata moja, yako mambo ya kuyajua kabla hujaanza kurekodi harusi ya ndugu yako.

Video ya kawaida iliyopigwa vibaya humchosha mtazamaji, basi. Video ya 3D iliyopigwa vibaya humuumiza kichwa, kwa sababu unayalazimisha macho yake kufanya kazi ambayo hayakuumbiwa. Ndiyo maana katika kazi hii raha ya macho ya mtazamaji huja kwanza, hata mbele ya uzuri wa picha.

Elimu yenyewe ni kongwe. Mwaka 1838, Charles Wheatstone aliieleza Royal Society ya London kwamba kila jicho huona picha tofauti kidogo na mwenzake, na ubongo huziunganisha ukapata kina. Macho ya mtu mzima yameachana kwa takriban milimita 63. Sasa angalia kamera yako. Lenzi za FinePix W3 zimeachana milimita 75, zaidi ya macho yetu. Za kamera ndogo za video za Sony na JVC zimeachana kwa sentimita 3 na kitu tu. Nafasi hiyo kati ya lenzi ndiyo itakayokuamuru usimame wapi, na anayeipuuza atapoteza siku nzima ya kazi.

Wapigaji wa 3D wana kanuni ya zamani: kitu kilicho karibu zaidi kwenye picha kiwe mbali na kamera angalau mara 30 ya nafasi iliyo kati ya lenzi. Piga hesabu. Kwa lenzi zilizoachana sentimita 3, kitu cha karibu kabisa kiwe kwenye sentimita 90, yaani karibu mita moja. Kwa W3 ni mita 2 na robo. Ukisogea karibu kuliko hapo, picha mbili zinatofautiana mno na macho yanashindwa kuziunganisha. Kanuni hii si sheria, kwani ukuta ukiwa nyuma tu ya kitu unachokipiga unaweza kusogea zaidi. Anayeanza aishike hivyo hivyo.

Upande wa pili wa hesabu ndio unaowavunja moyo wengi. Kwa kamera yenye lenzi zilizoachana sentimita 3 hivi, kina huanza kufifia baada ya mita 4 au 5. Ukisimama Moshi ukaupiga Mlima Kilimanjaro peke yake, lenzi zote mbili zitaona mlima uleule, na utapata picha bapa sawa na ya kamera yoyote. Bahari iliyo tupu ni vivyo hivyo. Ukitaka mlima upate nafasi yake, weka kitu mbele: tawi la mti wa kahawa, au mtoto aliyesimama mita moja na nusu kutoka kwako. Mlima utabaki bapa, lakini utaonekana uko mbali, na hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta.

Kwa hiyo kamera hizi ni za mambo ya karibu. Mikono ya mama anayesuka mkeka, seremala na randa yake, kichochoro cha Mji Mkongwe chenye vibaraza pande zote na watu wanaopita kati, mchuzi unaofuka moshi jikoni: hapo ndipo zinapong'ara. Hata Apple, ilipoleta video zenye kina kwenye iPhone 15 Pro mwishoni mwa 2023, iliwashauri watumiaji wakae futi 3 hadi 8 kutoka kwa wanachokipiga, yaani kama mita 1 hadi 2 na nusu.

Usijaribu kuufidia umbali kwa kuvuta picha. Lenzi ikivuta hukuza mtu bila kumwongezea kina, naye hutokea kama aliyekatwa kwenye boksi na kusimamishwa mbele ya pazia. Isogelee kazi kwa miguu.

Kamera nyingi za aina hii zina kidude cha kurekebisha 3D, na wengi huamini kwamba kinaongeza kina. Hakiongezi. Kinachofanya ni kuzisogeza picha mbili kushoto na kulia, ili tukio lote lionekane limekuja mbele ya skrini au limerudi nyuma yake. Kina chenyewe kilishaamuliwa na mahali uliposimama. Kitumie kumweka mhusika mkuu usawa wa skrini au nyuma yake kidogo, kisha kiache.

Ni vizuri kuichukulia skrini kuwa dirisha. Kilicho ndani ya dirisha kinaweza kukatwa na ukingo wake bila tatizo. Kilichotokeza nje ya dirisha kikikatwa na ukingo, ubongo unachanganyikiwa: vipi kitu kilicho mbele ya fremu kizibwe na fremu? Chunga hasa bega la mtu linaloingia pembeni, na tawi linaloning'inia juu kushoto. Ama kiingie chote, ama kisiwepo.

Skrini ndogo ya kamera, ile inayoonyesha 3D bila miwani, inapendeza lakini inadanganya. Tofauti kati ya picha mbili ikiwa asilimia 2 ya upana, kwenye televisheni ya inchi 50, yenye upana wa sentimita 110 hivi, ni kama sentimita 2, na macho yanaimudu. Ukiipeleka video hiyohiyo kwenye pazia la sinema la mita 10, tofauti inakuwa sentimita 20. Ikiwa ni ya vitu vya nyuma, macho yatalazimika kuachana, kila moja likienda upande wake. Amua mapema video itatazamwa wapi.

Shikilia picha moja kwa sekunde nyingi kuliko ulivyozoea, maana jicho linahitaji muda kuingia ndani ya kina. Geuza kamera polepole, na stendi ni bora kuliko mkono. Usiisimamishe kamera wima hata siku moja: lenzi zitakuwa moja juu na nyingine chini, na hakuna binadamu mwenye macho yaliyopangwa hivyo. Angalia pia kidole chako, kwa kuwa kinaweza kuziba lenzi moja usijue. Alama ya kidole, tone la mvua au mwali wa jua ukiingia lenzi moja tu huleta bughudha ya ajabu, jicho moja linaona mwanga na jingine halioni. Na kama kamera ilinunuliwa Marekani, hurekodi kwa mfumo wa hezi 60, ilhali umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa za tyubu zinaweza kumetameta. Kama kamera yako inakuruhusu kuchagua kasi ya shata, weka 1/100.

Ukifika nyumbani usiogope video ikifunguka bapa kwenye kompyuta. Sony na JVC huhifadhi picha ya pili ndani ya faili lilelile kwa mfumo uitwao MVC, na programu nyingi husoma picha ya kwanza tu. Tafuta programu inayosoma MVC, geuza video kuwa picha mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu, na upana wa kila picha usiufinye ukiweza. Muundo huo ndio unaokubalika kwenye miwani mingi ya uhalisia pepe. Faili la asili lisifutwe kamwe. Televisheni za 3D ziliondoka sokoni, Samsung ikiacha mwaka 2016 na LG na Sony zikifuata 2017, lakini waliotunza mafaili yao ya 2011 leo wanayatazama upya, tena kwa ubora zaidi kuliko zamani.

Siku ya kuwaonyesha watu, anza na kipande kifupi na uwaulize wanajisikiaje. Mwenye makengeza, au mwenye jicho moja lenye uoni hafifu, huenda asione kina chochote, na si kwamba hajui kutazama. Watoto wadogo wasiachwe kwa muda mrefu. Nintendo, ilipouza kifaa chake cha michezo cha 3DS, ilionya kwamba 3D isitumiwe na watoto wa miaka 6 kurudi chini. Yeyote anayelalamika kichwa, mvulie miwani na umwekee video ya kawaida. Picha ya lenzi moja tayari unayo ndani ya faili hilohilo.