Dadu haikumbuki

Siku moja ya soko, mama mmoja alimtuma mtoto wake kwenda kununua unga wa muhogo na chumvi. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama akamhesabia franka 9,000, akazifunga katika pembe ya kitambaa, akamwambia: «Usikawie njiani. Wadogo zako wana njaa.» Mtoto akaitika, akaenda mbio.

Karibu na mlango wa soko alikuta watu wamezunguka mkeka. Juu ya mkeka ameketi mtu mwenye kofia, na mbele yake kikombe cha bati na dadu moja. Ninyi mnaijua dadu: ni kipande kidogo cha mfupa ao cha mti, chenye nyuso sita zilizo sawa, na katika nyuso hizo yamechorwa matone, toka moja mpaka sita. Mtu yule alikuwa akiitikisa dadu ndani ya kikombe, akikipindua kikombe juu ya mkeka, na kupiga kelele: «Taja hesabu moja, weka franka 500! Hesabu yako ikitokea, nakurudishia 500 zako na kukuongezea 2,000! Ukiweka mara mbili, utapata mara mbili!»

Mtoto akasimama kutazama. Dadu ikatupwa mara kumi na zaidi, na sita haikutokea hata mara moja. Akawaza moyoni: «Sita imekawia sana. Sasa haina budi kuja.» Akafungua kitambaa, akaweka franka 500 juu ya sita. Ikatokea mbili. «Basi sasa imekaribia zaidi,» akawaza, akaweka 1,000. Ikatokea nne. Akaweka 1,500; ikatokea moja. Akaweka 2,000, ikatokea nne tena. Zilibaki 4,000. Mikono ikitetemeka, akaziweka zote. Kikombe kikafunuliwa: tatu.

Jioni nilimkuta amejificha nyuma ya masomo, chini ya mwembe. Kitambaa kitupu kilikuwa mkononi. Alinisimulia yote, kisha akasema: «Mwalimu, mtu yule ni mwizi. Dadu yake ina dawa. Sita ilipaswa kuja!»

Nikamjibu: «Pengine ni mwizi, sijui. Lakini hata kama dadu yake ni ya haki kabisa, wewe ungeweza kurudi na kitambaa kitupu vile vile, na yeye angejaza mfuko wake vile vile.»

Akanitazama kama mtu asiyesadiki. Tulikwenda pamoja kwa mama yake, na maneno yaliyosemwa kule ni yao. Lakini kesho yake nilimwita, tukakaa na ubao na chaki, na yale niliyomwonyesha nitawaonyesha ninyi pia, kwa maana si yeye peke yake aliyewaza hivyo. Wako wazee wenye mvi wanaowaza hivyo.

Tuanze na dadu yenyewe. Ina nyuso sita. Kama imechongwa vizuri, hakuna uso uliopendelewa kuliko mwingine. Basi ukiitupa, ziko njia sita, na zote ni sawa. Sita itatokea kwa njia moja kati ya njia sita. Tunaandika 1/6, na sehemu hiyo tunaiita uwezekano. Je, uwezekano wa kupata hesabu inayogawanyika kwa mbili ni nini? Hesabu hizo ni 2, 4 na 6: njia tatu kati ya sita, yaani nusu. Uwezekano wa kupata saba kwa dadu moja ni 0, maana uso wa saba haupo. Uwezekano wa kupata hesabu iliyo chini ya saba ni 1, maana haiwezi kukosa. Mambo yote ya bahati yako kati ya 0 na 1. Hesabu ya namna hii si ya jana: mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya michezo ya bahati na namna ya kugawanya feza zilizowekwa, na kutoka barua hizo elimu hii ilikua.

Lakini angalieni neno moja, kwa sababu wanafunzi wengi huanguka hapa. Nimesema: njia zote ni sawa. Kama si sawa, kuhesabu njia peke yake hakufai kitu. Chukua kifuniko cha chupa. Kina pande mbili: huanguka kikitazama juu ao kikitazama chini. Je, uwezekano ni nusu kwa nusu? Mimi siwezi kusema hivyo, wala wewe. Upande mmoja ni laini, upande wa pili una ukingo wenye meno. Hakuna kinachotuambia kwamba pande hizo ni sawa. Hapo dawa ni moja tu: kukitupa mara nyingi na kuandika. Vivyo hivyo mtu akisema: «Kesho mvua itanyesha ao haitanyesha, njia ni mbili, basi ni nusu kwa nusu», mwambie akae Lubumbashi katika mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, aingoje hiyo mvua yake.

Sasa turudi kwenye mkeka. Tuseme dadu ni ya haki. Tuseme mtu ameweka franka 500 mara sita, na tuseme bahati imemgawia kama inavyowagawia watu wengi kwa wastani: mara moja anapata, mara tano anakosa. Mara ile moja imempa 2,000. Mara zile tano zimemnyang'anya 2,500. Amepungukiwa na franka 500. Mara sitini, atapungukiwa na 5,000 ao karibu yake. Mara mia sita, 50,000. Mwenye kofia hahitaji dawa, hahitaji kuficha dadu nyingine katika mkono wa kanzu. Yeye amekwisha kujifichia sehemu yake katika malipo: kama mchezo ungekuwa wa haki, angelipa 2,500, si 2,000. Watu walisikia «elfu mbili kwa mia tano» wakamwona mkarimu. Hakuna hata mmoja pale mkekani aliyeuliza: kwa nyuso ngapi?

Na mtoto wetu, je, alipatwa na bahati mbaya ya ajabu? Tuhesabu. Uwezekano wa kukosa sita mara moja ni 5/6. Kukosa mara tano mfululizo ni 5/6 mara 5/6 mara 5/6 mara 5/6 mara 5/6. Juu tunapata 3,125, chini 7,776. Ni kama sehemu nne katika kumi. Basi watoto kumi wakifanya kama alivyofanya yeye, yapata wanne watarudi nyumbani bila kitu. Hii si ajabu hata kidogo. Nilipomwandikia hesabu hiyo ubaoni, alinyamaza kimya, akaihesabu tena yeye mwenyewe kwa kidole, kama aliyetumaini kuona kosa langu.

Kosa halikuwapo. Lakini alikuwa bado na neno lake. «Mwalimu,» akasema, «ilikuwa imetupwa mara kumi na zaidi bila sita. Uwezekano wake haukuongezeka?»

Haukuongezeka. Dadu ni kipande cha mfupa. Haina masikio ya kusikia hesabu zilizotangulia, haina akili ya kukumbuka kwamba sita imekaa nyuma ya wenzake. Kila mara kikombe kinapotikiswa, mambo yanaanza upya, na sita inakuwa na njia yake moja kati ya sita, haizidi, haipungui. Hata ikikosa mara mia.

Hapa mwanafunzi mwerevu atainua mkono: «Lakini umesema kwamba kwa wastani itatokea mara moja katika sita. Ikikosa sana mwanzoni, si lazima baadaye ije kwa wingi, ili kusawazisha?» Hilo ni swali zuri, nalo limewakosesha watu wengi feza zao. Sitalijibu kwa maneno yangu. Nitawapa habari ya mtu aliyelijibu kwa mikono yake.

John Kerrich alikuwa mwalimu wa hesabu Johannesburg, katika Afrika ya Kusini. Mwaka 1940 alikwenda Denmark kuwatembelea wakwe zake. Mwezi wa nne Wajerumani wakaingia katika inchi ile, naye akakamatwa, akawekwa kambini pamoja na wageni wengine mpaka karibu na mwisho wa vita. Mtu wa hesabu akikaa bure anaumwa. Basi Kerrich akaamua kuitupa feza ya chuma na kuandika kila mara upande uliotokea. Akaitupa mara 10,000. (Sisi katika Kongo siku hizi tuna franka za karatasi tu, lakini mkiuliza kwa babu pengine mtapata likuta la zamani sandukuni.) Feza ina pande mbili, wenye sanamu na wenye namba. Uwezekano wa kila upande ni nusu.

Tazameni alichokiona. Katika mara 10 za kwanza, sanamu ilitokea mara 4. Katika mara 100, ilitokea mara 44. Imepungukiwa na 6, kwa maana nusu ya mia ni 50. Katika mara 1,000, ilitokea mara 502. Katika mara 10,000, ilitokea mara 5,067.

Someni tena hesabu hizo polepole. Mwanafunzi wetu atasema: «Kumbe! Zile 6 zilizopungua zililipwa, maana katika 1,000 zimezidi 2!» Ndiyo, safari ile ilitokea hivyo. Lakini mwishoni zimezidi 67. Hizo nani alizilipa? Hakuna. Pengo lilikuwa 6, likawa 2, likawa 67. Pengo halikwisha, bali liliongezeka! Hata hivyo, tukipima katika kila mia, tunaona mwanzo 44, kisha 50 na kidogo, na mwisho karibu 51. Yaani 67 ni kitu kidogo sana ndani ya 10,000, kuliko 6 ndani ya 100.

Mtu akitia kofi moja la chumvi katika sufuria ya maji, utaionja. Akiitia katika ziwa Tanganyika, hutaionja. Je, kuna aliyeiondoa? Chumvi yote imo, lakini maji ni mengi. Ndivyo bahati inavyosawazisha mambo. Hailipi deni la jana; inalizamisha katika wingi. Na mtoto mwenye franka 9,000 hana ziwa. Ana sufuria. Mwenye kofia ndiye mwenye ziwa, kwa sababu anatupa dadu toka asubuhi mpaka jioni, kila siku ya soko.

Kosa hili la kudhani kwamba bahati inakumbuka haliko sokoni tu. Limo katika nyumba zetu. Baba amezaa binti watano. Jirani mmoja anamwambia: «Safari hii lazima awe wa kiume.» Jirani wa pili anasema: «Mke wako anajua kuzaa binti tu, mwache.» Wote wawili wamekaa mkekani pamoja na mtoto wetu. Kila uzazi unaanza upya, nao ni karibu nusu kwa nusu. Watoto wa kiume wanazidi kidogo tu, kama 51 katika mia. Uwezekano wa watoto watano wote kuwa wa kike ni kama 1/32. Hesabuni jamaa zenye watoto watano katika mji wenu. Kila mkifika thelathini na mbili, msistaajabu mkikuta moja ya namna hiyo. Na walimu wa mambo ya mwili wametuonyesha kwamba mbegu ya baba ndiyo inayofanya mtoto awe wa kiume ao wa kike. Mimi nimemwona mama aliyerudishwa kwa wazazi wake kwa ajili ya jambo hili, na vyombo vyake kichwani. Hakuna aliyekuwa amehesabu.

KAZI

1. Tupeni kifuniko cha chupa mara 100. Andikeni kila mara kama kinatazama juu ao chini. Linganisheni na wenzenu: je, ni nusu kwa nusu?

2. Mwenye kofia akilipa 2,500 badala ya 2,000, atapata nini kwa wastani katika mara sitini? Na akilipa 3,000, nani atakayekimbia soko kwanza?

3. Dadu imetoa sita mara tatu mfululizo. Uwezekano wa kutoa sita mara ya nne ni nini? Andikeni sababu kwa maneno yenu wenyewe.

4. Tupeni dadu mbili pamoja, na mjumlishe matone. Ziko njia 36. Kumi na mbili inakuja kwa njia ngapi? Saba inakuja kwa njia ngapi? Chorani njia zote 36 katika daftari, mstari kwa mstari, bila kuruka hata moja. Na kumbukeni kwamba 3 na 4 si njia ile ile kama 4 na 3.