Jiwe la Mirihi na Jiwe la Menengai

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa Nakuru: Je, ni kweli kwamba wataalamu wanayo mawe yaliyotoka sayari nyingine? Na yale mawe meusi yaokotwayo pande za Menengai, je, nayo ni katika hayo? Twalijibu kwa urefu kidogo, kwani swali hili limeingiliwa na biashara, na palipo biashara bila ya elimu hapakosi ghushi.

Ama la kwanza, jawabu ni ndiyo. Hapana chombo kilichokwisha kuleta jiwe kutoka Mirihi, lakini mawe ya huko yametufikia yenyewe. Kimondo kikubwa huipiga sayari ile kwa nguvu, vipande vya mwamba vikaruka hata vikauacha mvuto wake, vikazunguka mbinguni miaka mingi mno, kisha vichache vikaangukia ardhi yetu. Tarehe 3 Oktoba 1962 jiwe la namna hiyo, la kilo 18 hivi, lilianguka Zagami, katika nchi ya Katsina, Nigeria, karibu na mkulima aliyekuwa shambani mwake. Mwaka 2000 likaokotwa jingine katika jangwa la Dhofar, Oman, nchi tuliyochanganya nayo damu.

Msomaji atasema: Yamejulikanaje kuwa ni ya Mirihi, na hali hakuna mtu aliyekwenda huko? Mwaka 1976 vyombo viwili vya Marekani, viitwavyo Viking, vilitua Mirihi vikaipima hewa yake. Mwaka 1983 wataalamu walilichunguza jiwe lililookotwa Antaktika, wakakuta hewa iliyonaswa katika vipande vya kioo vilivyomo ndani yake. Walipoipima, ikawafikiana na hewa ya Mirihi. Basi jiwe lilikuja na shahidi wake tumboni. Hiyo ndiyo tofauti ya dhana na yakini.

Ama la pili, shimo la Menengai lina kiasi cha kilomita 12 kwa 8, na asimamaye ukingoni hana lawama akidhani lilipigwa na kitu kutoka juu. Lakini sivyo. Menengai ni mlima wa moto ambao kilele chake kilizama baada ya mwamba ulioyeyuka chini yake kutoka. Na joto lake lingalipo: visima vya mvuke vilianza kuchimbwa humo mwaka 2011. Jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, lipatikanalo Eburru na Naivasha, ni mwamba ulioyeyuka ukapoa upesi. Watu wa kale walilichonga, na zana zao zaonekana Kariandusi, karibu na Gilgil. Jiwe jepesi lenye matundu ni povu la moto huo huo.

Kimondo, kwa kawaida, ni kizito kuliko umbo lake, hakina matundu ya povu, na kikiwa kipya kina gamba jembamba jeusi lililoungua. Vingi huvutwa na sumaku. Lakini sumaku peke yake si hoja, kwani yapo mawe ya Bonde la Ufa yavutwayo vile vile. Na ajabu ni kwamba jiwe la Zagami lenyewe ni la moto, la namna iitwayo basalti, ambayo Bonde la Ufa limejaa. Jicho halitoshi kutenga. Maabara hutenga kwa kuipima oksijeni iliyomo katika madini yake.

Julai 2025 jiwe la Mirihi la kilo 24 na zaidi liliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 5. Khabari kama hii huamsha tamaa. Basi mtu asiuze jiwe la Menengai kwa jina la jiwe la mbinguni, kisha akasema, "Sikujua." Asiyejua yampasa anyamaze au aulize, na wataalamu wa miamba wako Chuo Kikuu cha Nairobi. Wala mtu asilivae kwa kutaka baraka: jiwe halinufaishi wala halidhuru, liwe limetoka Mirihi au Mbaruk.

Wallahu aalam.