Mlango wa Jirani

Wengine husema: “Ndoa haivunjiki, kwa hiyo mke apigwaye na avumilie.” Eklezya haifundishi hivyo. Kanuni 1153 ya Sheria ya Eklezya, ya mwaka 1983, yasema: mtu akihatarisha sana roho au mwili wa mwenzake, au wa watoto, mwenzake ana haki ya kutengana naye, na kama kukawia kuna hatari, asingoje amri ya askofu. Kifungo cha ndoa chabaki, lakini kukimbia mapigo si dhambi.

Basi, ukisikia kilio usiku, usiseme: “Ni mambo ya nyumbani mwao.” Waite wengine, mwende pamoja. Mpokeeni mama na watoto wake, mmsindikize kwenye dispensari, mshuhudie mbele ya wazee yale mliyoyaona.

Swali: Kijijini mwetu, ni mlango gani utakaofunguliwa kwa ajili yake?