Mashine ya presha inanichanganya

*Daktari, mama yangu ana presha. Tumemnunulia mashine ya kupimia nyumbani, lakini asubuhi moja ilisoma 162/95, na muda mfupi baadaye 141/88. Je, ni mbovu?*
*Binti, Tanga*

Usiitupe bado, binti. Presha haitulii mahali pamoja. Kipimo cha kwanza mara nyingi huwa juu, hasa kama mama ametoka jikoni, amekunywa kahawa au amebanwa na mkojo. Mkanda unaobana mno, au uliofungwa juu ya nguo, nao hudanganya.

Mketishe dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kupishanishwa, mkono mezani usawa wa moyo. Asizungumze (wajukuu nao wasubiri kumuuliza "ngapi, bibi?"). Pima mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Andika yote kwa siku saba, kisha peleka daftari na mashine yenyewe kliniki ilinganishwe na ya kwao.

Asiongeze wala kuacha dawa kwa sababu ya kipimo kimoja. Presha ikifika 180/120, apumzike, mrudie kupima. Isiposhuka, aonwe na daktari siku hiyohiyo. Lakini ikiambatana na maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, udhaifu wa upande mmoja au ulimi mzito, msirudie kupima: hospitali mara moja.